Mota ya kiti inalia ila kiti hakisogei: gia imeliwa, sasa nani kaila?

Wadau, hii kesi naletewa kila mara. Gari lina miaka 15 au 20, kiti cha dereva ni cha umeme, ukibonyeza swichi unasikia mota inazunguka vizuri tu ila kiti kimekaa palepale, au upande mmoja unaenda mwingine umegoma mpaka kiti kinakaa mshazari. Mwenye gari kashaambiwa mota imekufa. Mota inayolia hivo haijafa bana, iliyokufa ni kile inachokizungusha.

Ukichungulia chini ya kiti utaona mota imekaa katikati na kebo mbili zinatoka, moja kulia moja kushoto. Ni kebo nyembamba za chuma zinazozunguka ndani ya ala ya plastiki, ncha zake zina pembe nne. Kila moja inaingia kwenye kiboksi kwenye reli, na humo ndani kuna kiparafujo cha chuma kinachosukuma gia ya nailoni. Nailoni haikuwekwa kwa ubahili, inapunguza kelele alafu mzigo ukizidi inaumia yenyewe mota inapona.

Kabla hujagusa chochote toa waya wa negativu kwenye betri, subiri kama dakika 10, ndo uchomoe soketi. Ile ya njano ni ya eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), usiichezee, na usiwashe swichi ya gari ikiwa imechomolewa, maana taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi na itabidi utafute mashine ya kuifuta. Kama kiti kimegoma na kimeziba bolti za nyuma, chomoa kebo upande wa mota uizungushe kwa drili, polepole sana, kiti kitatembea chenyewe. (Kama gia imeisha kabisa hapo utahangaika, pole.)

Nikishakitoa naanza na kebo. Mara nyingi ncha imelika pembe imekuwa duara, au haizami vya kutosha kwenye kiboksi, basi nakata ala ya plastiki milimita 4 au 5 hivi ili chuma kiingie ndani zaidi. Wapo niliowamalizia kazi hapohapo bila kufungua gia hata moja.

Kama kebo nzima, fungua kiboksi. Gia iliyoisha haijifichi, ukiipitisha ukucha meno yake ya katikati yamechongoka membamba kama ya msumeno, na grisi imechanganyika na unga mweupe kama vumbi la chaki, huo unga ndo meno yenyewe. Kuna wanaojaza hapo gundi wakachonga meno kwa kisu, mi sifanyi, haifiki mbali.

Ukienda kutafuta gia nyingine hesabu meno, pima kipenyo cha nje na tundu la katikati, alafu angalia meno yamelalia upande gani. Hili la mwisho ndo linasahaulika, gia iliyolalia kushoto haitakaa kwenye parafujo ya kulia hata uibembeleze vipi. Kwa gia ya kupandisha kiti juu kuna ujanja: uzito wa mtu unakandamiza upande uleule wa jino siku zote, kwa hiyo kama gia iko sawa pande zote na haijalika sana, igeuze tu, upande mzima wa jino ndo ubebe. Ulalo wa meno haubadiliki ukiigeuza, usiogope.

Za shaba nazo zipo, watu wanazisifu. Mi naweka shaba pale tu nikishajua kwa nini nailoni ilikufa, la sivyo umehamishia maumivu kwenye kebo na mota.

Na sababu huwa ipo. Kuna mteja alibadilishiwa gia mara mbili kwingine, kaja kwangu, nikaingiza bisibisi kwenye reli ikatoka sarafu na kifuniko cha kalamu! Wengine ni grisi imekuwa ngumu kama nta, hiyo ikwangue yote upake mpya isiyodhuru plastiki. Wengine ni kushikilia swichi wakati kiti kishafika mwisho. Lakini mkosaji mkubwa ni fundi anayerudisha reli bila kuzilinganisha. Pima kutoka mwisho wa reli mpaka pale zinapokutana ya juu na ya chini, kulia na kushoto zilingane kabisa, zikipishana hata milimita chache kiti kinajikunja na kila safari gia inasagwa.

Mwisho, kabla hujafunga kiti, ipe mota volti 12 moja kwa moja, geuza waya kwa kurudi nyuma, peleka mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku umetega sikio. Mlio uwe uleule njia nzima, ukisikia mota inazama katikati usifunge bolti, fungua tena.