Kipimo cha miguu hakianzi na miguu

Wiki hii nimeambiwa tena: "Dokta, tumemnyanyua miguu, presha haikupanda, kwa hiyo maji hayatamsaidia." Naenda kitandani, nakuta mgonjwa kalazwa chali, mito miwili chini ya visigino, na macho yote kwenye monita inayopima presha kila baada ya dakika tano.

Jamani, hicho sicho kipimo cha kunyanyua miguu, kile cha kutuonyesha kama moyo utasukuma damu zaidi tukimwongezea mgonjwa maji ya dripu. Kikifanywa sawasawa, takriban mililita 300 za damu ya mgonjwa mwenyewe hurudi kwenye moyo kutoka miguuni na tumboni, na ukimrudisha alivyokuwa, damu nayo inarudi ilikotoka. Hilo la tumboni ndilo linalosahaulika. Mgonjwa aanze akiwa ameegemea, kifua kimeinuka nyuzi 45, kisha kitanda kishushwe upande wa kichwa na kipandishwe upande wa miguu. Ukianza naye akiwa chali, damu ya tumboni imeshaondoka kabla hujapima chochote. Tena tumia kitanda, usimvute kwa mikono. Akiumia, mapigo yatakimbia nawe utadhani moyo umeitikia.

Halafu presha. Moyo unaweza kusukuma damu zaidi huku mishipa ikilegea, na presha isisogee hata kidogo. Ndiyo maana naweka probu ya utrasaundi kwenye ncha ya moyo na kupima mtiririko wa damu inapotoka kuingia aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, kabla ya kushusha kichwa na ndani ya dakika moja baada yake. Ukiongezeka kwa asilimia 10 hadi 15, moyo utaitikia maji. Kuitikia si kuhitaji: moyo wangu mimi mzima nao huenda ungeitikia.

Na hapa nina wasiwasi wangu. Nikipima mara mbili bila kumgusa mgonjwa, napata sentimita 15, yaani umbali ambao damu inasafiri kwa kila pigo, kisha 16 na ushei. Huo ni mkono wangu, probu imeinama kidogo tu. Kwa hiyo nachukua wastani wa mapigo matano na siitoi probu kifuani, lakini ongezeko la asilimia 11 siwezi kuliapia.

Anayevuja damu au mwenye kipindupindu, usimcheleweshe kwa haya. Nasemea sepsisi, maambukizi makali yanayoharibu viungo vya mwili. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011 ulifanywa kwetu hapa, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji kwa kasi, asilimia 10.5 hivi walifariki ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Mwaka 2017 Lusaka, Zambia, wakaripoti ya watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini: walifariki hospitalini asilimia 48.1 ya waliotibiwa kwa utaratibu wa kumimina maji mapema, dhidi ya 33 ya waliopata matibabu ya kawaida. Watu hao ndio ninaowaona kila dripu inapofunguliwa kwa kubahatisha.

Mgonjwa wa wiki hii tulimwegemeza, tukaanza upya. Mtiririko ulitoka 14 ukafika 17, presha ikiwa ile ile. Tukampa mililita 250, nikashika probu tena.