"Atachukua panga tu": tunayokosea kuhusu sheria za bunduki

Habari ya mauaji ya watu wengi ikitufikia Mwanza, iwe kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba au ndani ya daladala ya Igoma, hakosi wa kusema: "Muuaji ni muuaji, ukimnyima bunduki atachukua panga tu." Watu wa kanda hii wana sababu ya kuamini hivyo. Mei 2016 watu watatu walikatwa mapanga hadi kufa msikitini, hapahapa jijini. Mwaka 1994 maiti kutoka Rwanda zilishuka na Mto Kagera mpaka ziwani, watu wakaogopa kula samaki.

Lakini Rwanda tuitazame vizuri. Mapanga yale yalishikwa na maelfu ya watu, kwa siku zipatazo mia moja, wakichochewa na viongozi na redio. Kwenye makanisa mengi guruneti na risasi zilitangulia, mapanga yakamalizia. Sheria ya leseni haiwezi kuizuia serikali iliyoamua kuua watu wake, na hilo tunalikubali.

Mtu mmoja mwenye hasira ni habari nyingine. Tarehe 14 Desemba 2012, mwanamume aliingia na kisu katika shule ya msingi mkoani Henan, China, akajeruhi watoto 23. Hakufa hata mmoja. Siku hiyohiyo huko Marekani, kijana aliingia na bunduki katika shule ya Sandy Hook, wakafa watoto 20 na watu wazima 6. Mwenye kisu lazima akufikie. Unaweza kumkimbia, kumrushia kiti, watu wakamzunguka na kumnyang'anya.

Wengine husema mhalifu hafuati sheria, kwa hiyo sheria inamfunga mwema peke yake. Jambazi hafuati, ni kweli. Ila aliyeua watoto 16 na mwalimu wao Dunblane, Uskoti, Machi 1996, bastola zake alizimiliki kihalali. Tangu 1991 askari mmoja alikuwa ameandika kwamba mtu huyo hafai kuachiwa silaha, asisikilizwe. Uingereza ilikuja kuwapiga marufuku raia kumiliki bastola watoto wakiwa wamekwisha kuzikwa. Kwetu ombi la leseni hupitia serikali ya mtaa, mahali ambapo tabia ya mtu inajulikana kuliko popote. Mwenyekiti anayegonga mhuri bila kuuliza majirani kama huyu bwana humtishia mkewe anaiua sheria nzima palepale mezani kwake. Hili linanikera kuliko upungufu wowote wa maandishi ya sheria yenyewe.

Upande wa pili, wa wanaotaka sheria kali, nao huzidisha chumvi, kana kwamba Australia ilimaliza tatizo. Baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, serikali ilinunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000. Mauaji ya namna ile yakawa nadra, lakini hayakwisha.

Halafu kuna hili la kuwapa wavuvi bunduki wajilinde na majambazi wa ziwani. Uchungu wao naujua. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, taa zake zinaonekana toka mbali, na anayemjia amezima zake. Mikono yote miwili iko kwenye wavu. Bunduki iliyolala chini ya mtumbwi itamfaa nini? Majambazi wataondoka nayo pamoja na mashine ya mtumbwi. Julai 2015 kituo cha polisi Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, watu saba wakauawa na bunduki zikachukuliwa, na pale walikuwapo askari wenye mafunzo. Wavuvi wanahitaji doria ya polisi wanamaji inayofika visiwani usiku, na simu inayopokelewa.

La mwisho ni la majumbani. Gobole la marehemu babu, hata kama alikuwa na leseni, halirithiwi kama ng'ombe, kwani leseni ilikuwa ya babu. Serikali imekwisha kutangaza zaidi ya mara moja vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, polisi au kwenye ofisi za serikali za mitaa. Kama liko darini kwenu, muulizeni mwenyekiti kipindi kijacho ni lini, na kwa sasa watoto wasijue lilipo.