Jina la kilima ni la nani? Kusoma ramani za zamani za Wales

Ukifungua ramani ya kisasa ya Wales, nchi ya milima iliyo magharibi mwa kisiwa cha Uingereza, utakuta vilima vingi havina jina. Kuna mistari ya kontua na tarakimu ya urefu, basi. Wapanda milima wanaotunga orodha za vilele hawapendi pengo, kwa hiyo mara nyingi wamelijaza wenyewe: huchukua jina la msitu ulio karibu, au la kilima jirani, kisha huongeza "kilele cha mashariki". Majina hayo yakishachapishwa hunakiliwa na mwingine, na mwingine tena, hadi yakaonekana ya asili. Kazi yangu ni kurudi kwenye ramani za zamani kutafuta jina walilotumia waliochunga kondoo pale.

Kabla ya yote, ni lazima kuelewa kwamba mfugaji hakuwa na haja kubwa ya kutaja ncha ya kilima. Alitaja ardhi aliyoitumia: malisho yake, bonde, mwamba ambako kondoo hunasa, mgongo anaopita akishuka. Kwa hiyo jina moja laweza kufunika mteremko mzima pamoja na kilele chake. Anayetafuta jina la ncha peke yake atarudi mikono mitupu. Anayeuliza kilele kimeangukia kwenye ardhi ya nani, na ardhi hiyo iliitwaje, ndiye anayepata.

Ndiyo sababu nazipenda mno ramani za zaka. Sheria ya mwaka 1836 iligeuza zaka ya kanisa, iliyokuwa ikitolewa kwa mazao na mifugo, kuwa malipo ya fedha. Ili ijulikane nani alipe nini, ardhi ya kila parokia iliyodaiwa zaka ilichorwa, kila kipande kikapewa nambari, na daftari likaandikwa: mwenye ardhi, anayeitumia, jina la kipande, matumizi yake na ukubwa wake. Ramani hizi zinafunika zaidi ya asilimia 95 ya Wales, na Maktaba ya Taifa ya Wales, kule Aberystwyth, imeziweka mtandaoni bure pamoja na maingizo zaidi ya 300,000 ya madaftari hayo.

Naanza na kuta za mawe. Nyingi zilizochorwa wakati ule bado zimesimama, na ramani ya leo inazionyesha, kwa hiyo naweza kuoanisha kona kwa kona mpaka nijue kilele kimo ndani ya kipande kipi. Nasoma nambari, nafungua daftari. Nikikuta "Mynydd" tupu, yaani mlima, sijapata kitu. Ni mlima wa shamba lile tu. Nikikuta Mynydd ikifuatwa na jina la shamba, mambo yanaanza kunoga. Nikikuta Ffridd na jina lake, hapo naangalia mipaka kwa makini, maana ffridd ni malisho yaliyozungushiwa ukuta kati ya mashamba ya chini na mlima wazi, na mara nyingi huishia chini ya kilele. Tatizo ni kwamba ardhi kubwa ya juu iliyotumiwa kwa pamoja mara nyingine haikupewa jina, na wapo makarani walioandika Kiwelshi kwa kukisia sauti.

Shahidi wa pili ni Ordnance Survey, shirika la ramani lililoanzishwa mwaka 1791. Michoro ya awali ya wapimaji wake, kwa kawaida inchi 2 kwa maili, imehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, na ile ya Robert Dawson ya milima ya kaskazini ina vivuli vinavyokufanya uuone mwinuko. Baadaye zikaja ramani za inchi 6 kwa maili, na hizi ndizo ninazozitumia zaidi. Zile kubwa zaidi, za inchi 25, hazikupanda kwenye nyika za juu zisizolimwa. Usisome jina tu, tazama lilivyopangwa. Herufi zilizotawanywa kufuata mgongo zinataja mgongo wote. Herufi zilizobanana kando ya nukta ya urefu zinataja mahali pale.

Wapimaji waliandika pia madaftari ya majina, yakionyesha nani aliulizwa na alisemaje. Ya Wales yaliteketea pamoja na mengi ya England, Southampton ilipopigwa mabomu mwaka 1940. Hasara hiyo inaniuma kila ninapokutana na jina nisiloweza kulifuatilia. Tunajua walau mtazamo wa shirika lenyewe: maelekezo yake ya mwaka 1905 yalitaka waulizwe watu wenye heshima na nafasi, na kuonya kwamba wakulima wadogo si wa kutegemewa, hata kwa majina ya mahali wanapoishi. Kwangu mimi hao ndio waliopaswa kuulizwa kwanza.

Nguzo za upimaji nazo zimepotosha. Kwenye safu ya Berwyn, nguzo ilijengwa kwenye kilele cha mita 827, na kwa miaka mingi hicho ndicho kilichohesabiwa kuwa Cadair Berwyn. Ni katika miaka ya 1980 tu ndipo ilipotambuliwa kwamba ncha ya miamba iliyo kusini mwake ina mita 832. Cadair ni kiti, na binafsi naona miamba ile inastahili jina hilo kuliko tuta lenye nguzo.

Ukongwe wa ramani haumaanishi usahihi. Ramani za Christopher Saxton za miaka ya 1570 huchora milima kama vichuguu, hata usijue ni kilele gani kinachotajwa. Umbo Plynlimon lilienea kwenye ramani za Kiingereza kwa vizazi, ilhali Kiwelshi ni Pumlumon. Kwa upande mwingine, usikimbilie kusahihisha. Herufi ya kwanza ya Kiwelshi hubadilika kufuatana na linalotangulia: moel, kilima kipara, huwa y foel, trum, mgongo wa mlima, huwa y drum. Neno y, lililo kama "the" ya Kiingereza, likidondoka, umbo lililobadilika hubaki, ndiyo maana kwenye safu ya milima ya Carneddau kuna Foel Grach na Drum. Tuliokulia kwenye ulimi na ndimi hatuna sababu ya kushangaa. Nayaacha yalivyo.

Jina jipya nalo silikatai, mradi lijulikane ni jipya. Carnedd Uchaf, wenye mita 926, uliitwa rasmi Carnedd Gwenllian mwaka 2009, kumkumbuka Gwenllian, binti wa mtawala wa Wales Llywelyn ap Gruffudd, aliyezaliwa mwaka 1282 na kufungiwa utawani England tangu uchanga. Tarehe ya jina inajulikana, na sababu yake pia.

Kwa kilima kisicho na ushahidi, naandika jina la shamba lenye malisho yale, naeleza kwamba ni la shamba, kisha naweka nambari ya kipande na mwaka wa ramani. Hata hilo lisipopatikana, naandika urefu peke yake na kuacha nafasi ya jina wazi.