Kituo cha pamoja hakijafuta kodi wala ukaguzi

Wengi hapa Tanga huamini kwamba tangu Horohoro, upande wa Tanzania, na Lungalunga, upande wa Kenya, viwe vituo vya pamoja vya mpakani, mzigo huvuka bila ukaguzi wala kodi. Kilichoondolewa ni kusimama mara mbili: aendaye Kenya hupitiliza hadi Lungalunga, ambako ofisa wa Tanzania humgongea muhuri wa kutoka na wa Kenya, jengo hilohilo, humpokea. Bidhaa za Afrika Mashariki zenye cheti cha uasili, yaani hati inayothibitisha bidhaa imetoka nchi gani, husamehewa ushuru wa forodha, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 cheti hicho hupatikana kwa utaratibu rahisi; lakini kodi ya ongezeko la thamani yaweza kudaiwa, jambo linalowaumiza wafanyabiashara wadogo wasioelezwa mapema. Kabla ya kufunga magunia, ulizia dawati la forodha orodha ya bidhaa zinazostahili utaratibu huo rahisi, kisha dai stakabadhi ya kila tozo.