Kata yenu haina kisukari? Haina stripu

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Kikao cha wilaya, ramani iko ukutani, kata zimepakwa rangi kulingana na wagonjwa wa kisukari walioripotiwa. Mheshimiwa mmoja ananyoosha kidole kwenye kata iliyobaki nyeupe pee: "Hawa wenzetu wanakula vyakula vya asili, hawana shida. Nguvu tupeleke mjini." Vichwa vikatikiswa kuafiki. Mimi nikanywa maji ya chupa mpaka yakaisha.

Ile kata nyeupe naijua. Glukomita ya zahanati, mashine ya kupima sukari kwenye damu, ipo, kwenye droo, imefungwa kwa mpira. Stripu, vile vijikaratasi vya kudondoshea damu, ziliisha, na zilizoletwa baadaye ni za mashine nyingine. Mama anakuja analalamika kwamba anaamka mara tano usiku kwenda kukojoa. Anaandikiwa UTI, anapewa dawa, anakwenda, anarudi. Kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, rejesta ya wagonjwa wa nje, ni UTI mara mbili. Mwisho wa mwezi kitabu kinajumlishwa, takwimu zinaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na kwenye safu ya kisukari inatokea sifuri. Sifuri ya nani, kama hakuna aliyepimwa?

Mjini nako kuna kituko chake. Kliniki ya kisukari iko hospitali, kwa hiyo wilaya nzima inahesabiwa pale. Mgonjwa ametoka kilomita 60, amefikia kwa shemeji, akiulizwa anakaa wapi anataja mtaa wa shemeji. Mtaa wa shemeji unawaka nyekundu.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 54 ya watu wazima wenye kisukari katika kanda yake ya Afrika hawajui kama wanacho. Zaidi ya nusu, basi, hawamo kwenye rejesta yoyote. Ramani ya rejesta ni ramani ya mashine na stripu. (Na jamani, acheni kuandika "maambukizi ya kisukari". Nani kamwambukiza nani?)

Sisemi mji na kijiji ni sawa. Miaka ya 1980 daktari Donald McLarty na wenzake walipima vijiji sita vya Tanzania wakakuta wenye kisukari chini ya asilimia 1. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro: wanaume asilimia 5.3 mjini na 1.7 kijijini, wanawake 4.0 na 1.1. Kisha utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, STEPS, wa 2012 ukatoa asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Msizipange kama ngazi. Umri na vipimo havikufanana. Ila anayesema kijijini hakuna kisukari anaongea na takwimu za enzi za McLarty.

"Basi tukapime watu wenyewe." Sawa, twende. Hapo ndipo ninapokosana na wanaotafsiri madodoso.

Sukari ya kufunga ikifika 7.0 (mmol/L) unaanza kumshuku mtu, lakini lazima awe hajala. Asubuhi moja nimekaa chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya kata, mhudumu anauliza, "Bibi, umekula?" Bibi anajibu, "Sijala, mwanangu." Kipimo: 8.4. Mhudumu kalamu tayari. Nikamuuliza, "Shikamoo bibi, chai je?" "Marahaba. Aa, chai nimekunywa." Vikombe viwili, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja. Bibi hakudanganya. Chai hailiwi, chai inanywewa! Ukiuliza "umekula?" umeuliza habari ya ugali. Tangu siku hiyo swali letu ni: "Tangu ulale jana, ni kitu gani kimepita mdomoni, hata chai, hata pipi?"

Halafu kuna FINDRISC, maswali ya kukadiria hatari ya kupata kisukari yaliyotengenezwa Finland, ambayo kila mradi unayatafsiri upya. Mojawapo: je, unakula mboga au matunda kila siku? Kila mtu anajibu ndiyo. Kwa nini asijibu ndiyo? Mboga ni kile kinachoteremshia ugali. Dagaa ni mboga. Maharage ni mboga. Nyama ya sikukuu ni mboga. Nilishawahi kupokea faili ambamo swali hilo halikuwa na "hapana" hata moja, na mwandishi wa ripoti akaipongeza jamii kwa lishe bora. Uliza mchicha, matembele, kisamvu, ndipo utapata jibu. Hata mzingo wa kiuno: mipaka ya kusema kiuno ni kikubwa mno ilitoka kwa watu wa Ulaya, na hapa tunawaona wagonjwa wembamba kama fimbo.

HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, haihitaji mtu afunge, ila upungufu wa damu na chembe za selimundu huivuruga, na hayo tunayo kwa wingi. Tuliache hilo.

Na mimi nina ramani yangu, lazima niseme. Nilichukua umri na jinsia ya watu wa kila kata kutoka Sensa ya 2022, nikazidisha kwa viwango vya STEPS. Ikatoka nzuri, ikapigiwa makofi. Usiku nikaiweka pembeni ya ramani ya wazee, wenye miaka 60 na zaidi. Mapacha! Nilikuwa nimechora mahali vijana walipohama wakawaacha wazazi. Nimeongeza umbali wa barabara ya lami na aina ya makazi, ikabadilika kidogo, lakini kama imekuwa sahihi zaidi au imekuwa na makosa mapya tu, siwezi kuapa.

Kwa sasa naitumia kuchagua pa kuanzia, basi. Ile kata nyeupe tunaingia Jumanne, na stripu zinazolingana na mashine, nimezijaribu mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji ameomba tuanze saa tatu, watu wakishapata chai. Nimemwomba iwe saa kumi na mbili.