Kwa nini Ruaha Mkuu husimama kiangazi?

Ukitoka Mbeya kwenda Makambako, ukishapita Igurusi, kulia kwako milima imesimama kama ukuta na kushoto nchi imelala tambarare hadi macho yachoke. Hapo ndipo Usangu, bonde linaloulisha mto Ruaha Mkuu. Ukuta ule ni ukingo wa Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukabaki juu, mwingine ukadidimia.

Juu kwenye milima mvua hufika milimita 1,500 kwa mwaka na zaidi. Bondeni ni 600 au 700 tu, tena za msimu mmoja. Kwa hiyo Usangu huishi kwa maji yaliyonyesha kwingine, yanayoletwa na mito kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera. Mito hiyo ndiyo iliyolijaza bonde: changarawe ikaachwa karibu na mlima, mfinyanzi ukasukumwa mbali. Mfinyanzi huo haupitishi maji upesi, ndiyo maana mpunga wa Mbarali unastawi.

Mito huingia kwenye tindiga, yaani kinamasi, la Ihefu, na siri yote iko kwenye mlango wake wa kutokea, Ng'iriama. Pale pana kizingiti cha mwamba. Tindiga likijaa kupita kizingiti, maji humwagika na Ruaha Mkuu hutiririka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na bwawa la Mtera. Yakishuka chini yake hata kidogo, mto hukatika, ijapokuwa ndani ya Ihefu maji bado yapo.

Zamani mto ulitiririka mwaka mzima. Mwishoni mwa 1993 ulikatika, na tangu hapo hukauka karibu kila kiangazi, viboko wakibanana kwenye madimbwi.

Wafugaji walilaumiwa sana, wakaondolewa na mifugo yao mwaka 2006 na 2007. Mto uliendelea kukauka. Kwa maoni yangu lawama ile ilikosea njia, kwa sababu kinachonyima Ihefu maji zaidi ni mabanio, yaani vizuizi vya kuchepushia maji ya mto kwenye mifereji ya mashamba. Masika mito imefurika, hata mifereji ikichukua mengi, yanabaki ya kutosha. Kiangazi mito huwa myembamba, lakini mabanio mengi hubaki wazi hata baada ya mavuno, kwa bustani, kwa matofali, kwa matumizi ya nyumbani. Kijiji kinahitaji ndoo kadhaa. Mfereji wa udongo unabeba mara nyingi zaidi ya hapo, na yanayobaki hutandazwa kwenye majaruba matupu, jua likayanywa kabla hayajafika Ng'iriama.