Wadogo zangu wapiga chuma, hiyo sindano inafunga kiwanda chenu

Naandika kama mfamasia wa hospitali hapa Mtwara, na nawalenga nyie vijana mnaopiga tizi, iwe jimu ya kulipia pale mjini au zile za uani kule Masasi na Nachingwea ambako chuma chenyewe ni bomba na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Na tizi sina ugomvi nalo kabisa, pigeni. Ugomvi wangu ni pale hela ya korosho ikishaingia, mtu anaambiwa na mwenzake kwamba mwili hauji kwa ugali na maharage, kuna sindano, kuna vidonge, yaani steroidi, dawa za kujaza mwili, miezi miwili tu fulana zote zinakubana.

Kwanza tutenganishe maana watu wanachanganya sana. Kuna deksa na predinisoloni, hizi nazo ni steroidi ila ni za kutibu pumu, aleji kali na magonjwa mengine ya uvimbe, na vijana wanazinunua kwa kuwa wamesikia zinajaza mwili. Zinajaza kweli, ila maji na mafuta. Uso unakuwa duara, tumbo linatoka, halafu mapaja na mabega yanalegea kwa sababu dawa yenyewe inavunja protini ya misuli, yaani mtu anatoa hela yake ili dawa imle kile kile anachokitafuta, mimi hili linanichosha kuliko yote. Sukari na presha zinapanda pia. Na kama umezimeza wiki nyingi usiache ghafla, zile tezi zilizokaa juu ya figo zinakuwa zimelala, presha inaweza kushuka ukaanguka, kuachishwa ni kidogo kidogo na daktari ndo anapanga.

Sasa testosteroni, ile homoni ya kiume, na ndugu zake, hizi ndo zinazojenga misuli kweli na sitawadanganya kwamba hazifanyi kazi. Shida ni bei yake mwilini. Korodani zako hazijiamulii zenyewe, zinasubiri amri ya ubongo kupitia homoni mbili zinaitwa LH na FSH. Ukijidunga testosteroni ya nje ubongo unapima damu unakuta imejaa, unaacha kutuma amri, kiwanda kinafungwa. Korodani zinasinyaa na mbegu zinapungua, kwa wengine zinaisha kabisa. Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume, matokeo yakatoka mwaka 1990, miligramu 200 kila wiki, na ilifanya kazi. Kwa hiyo wewe unayejidunga ili uonekane dume unatumia uzazi wa mpango bila kujua. Ukiacha, wengi mbegu zinarudi baada ya miezi kadhaa, wengine mwaka na zaidi, na wapo ambao hazirudi sawasawa.

Dozi nayo iangalieni. Mgonjwa ambaye mwili wake hautengenezi testosteroni, ile ampuli ya mililita 1 yenye miligramu 250 anachomwa moja kila wiki 3 hivi. Kijana wa jimu anaambiwa achome mbili kwa wiki, hiyo ni ampuli 6 kwa muda ambao mgonjwa anatumia 1, na bado juu anaongezewa vidonge. Testosteroni ikizidi sehemu yake inageuzwa kuwa estrojeni, homoni ya kike, ndo hapo chuchu zinaanza kuuma na matiti yanaota, na yakishakuwa magumu hayaondoki kwa pushapu wala vidonge, ni kisu. Chunusi mgongoni, nywele kudondoka, hasira za ovyo, hayo yapo. Ya kuua ni damu kuwa nzito kwa chembe nyekundu kuzidi, mafuta mabaya kupanda na mazuri kushuka, na ukuta wa moyo kunenepa, kwa nje kijana anang'aa tu. Vidonge vingi vya aina hii vinapiga ini moja kwa moja. Na nyie mlio chini ya miaka 18 ambao mifupa bado inarefuka, dawa hizi zinaweza kuifunga mapema ukabaki na kimo hicho hicho. Akina dada sauti inakuwa nzito na ndevu zinaota, na sauti ikishashuka mara nyingi hairudi.

Halafu unachomwa nini hasa? Kichupa cha mililita 10 chenye mafuta ya njano, lebo imepindapinda, hakina kiwanda wala namba ya toleo, hicho hakijapita TMDA, mamlaka ya serikali inayokagua dawa, na hakuna anayejua kimechanganywa na nini, wala kama kilichemshiwa jikoni kwa mtu. Hata ile halali kuna aina imeyeyushwa kwenye mafuta ya karanga, mwenye aleji ya karanga inamhusu hiyo.

Chakula nitapita haraka. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili zinatosha, mwenye kilo 65 ni kama gramu 100 kwa siku, na huku kwetu dagaa, pweza, mayai, kunde na mbaazi vipo. Na mlale.

Kama ushaanza, njoo hospitali useme ukweli, umetumia nini, kiasi gani, tangu lini, hakuna wa kukuitia polisi. Tutaangalia presha, damu, ini, mafuta na homoni, na kama mlichangia sindano tunapima VVU na homa ya ini B na C. Ukiacha, wiki za mwanzo unaweza kukosa nguvu, hamu ya tendo ikaisha na mawazo yakakujaa, wengi hapo ndo wanarudia sindano, kwa hiyo usipite hicho kipindi peke yako. Chupa njoo nayo hata kama imeisha.